Saa ilihesabu tano, kedi akahesabu saba

Saa za gofu zenye GPS zinaahidi kukumbuka kila mkwaju unaoupiga. Mwandishi wetu aliazima moja, akaivaa kwa raundi nne jijini Nairobi, na akarudi na hesabu mbili zisizolingana.

Shimo la tatu lilikuwa limenitoa jasho. Mkwaju wa kwanza ulipinda kulia hadi chini ya miti. Wa pili niliuchokoa tu kutoka kwenye mizizi ili mpira urudi kwenye nyasi fupi. Wa tatu ukaangukia kwenye bunka. Wa nne ukatoka mchangani na kutua kwenye grini, yaani nyasi fupi zinazozunguka shimo, mbali na bendera. Zikafuata puti, mikwaju ya kuuviringisha mpira kuelekea shimoni: ya kwanza ikapita shimo, ya pili ikasimama ukingoni, na ya tatu nikaisukuma kwa mkono mmoja huku nikiwa nimeshageukia shimo la nne.

Nikainua mkono wa kushoto. Saa ilikuwa imekamata mikwaju mitatu, na sasa iliniuliza nimepiga puti ngapi. Nikabonyeza mbili. Jumla tano. Kwa mchezaji wa kiwango changu, tano kwenye shimo la mikwaju minne ni sababu ya kutembea kifua mbele.

Kedi wangu, mzee mwembamba ambaye amebeba mifuko uwanjani hapo tangu kabla mimi sijaanza kazi hii ya uandishi, aliingiza mkono mfukoni. Kila ninapopiga, yeye huhamisha tii moja iliyovunjika, kijiti cha kuwekea mpira, kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Akazitoa za kulia, akazitandaza kiganjani.

"Saba, bosi."

Tuliurudia mchezo kwa maneno, mkwaju baada ya mkwaju. Ule wa kuchokoa chini ya miti, saa haikuuona kabisa. Ile puti ya mwisho, mimi ndiye niliyeisahau. Kosa moja la mashine na moja la mtu, na yote mawili yalikuwa yamenipendelea.

Inafuata mkono, haifuati mpira

Mhariri alinituma na swali moja: je, vidude hivi ambavyo sasa vinaonekana kwenye mikono ya wachezaji wengi, kuanzia viwanja vya Muthaiga na Karen jijini Nairobi hadi Nyali, Mombasa, vinafanya kile ambacho matangazo yanasema? Ili kulijibu, sharti kwanza tujue saa inaona nini.

Setilaiti za GPS huzunguka dunia zikiwa juu kiasi cha kilomita 20,200. Kila moja hutangaza bila kukoma saa yake na mahali ilipo. Kipokezi kilicho mkononi hulinganisha muda ambao ishara zimechukua kufika, na kikipata setilaiti nne au zaidi kinaweza kukokotoa kilipo. Kazi yote ni ya muda. Ishara husafiri kwa kasi ya mwanga, kwa hiyo kosa la sehemu moja ya bilioni ya sekunde ni kosa la sentimita 30 ardhini.

Mfumo huu ulianza kama mali ya jeshi la Marekani. Baada ya ndege ya abiria ya Korea kutunguliwa na Wasovieti mwaka 1983 ilipopotea njia, Rais Ronald Reagan alitangaza kwamba raia nao wataruhusiwa kuutumia. Hata hivyo, ishara ya raia iliendelea kuharibiwa kwa makusudi ili isiwe sahihi sana, hadi Mei 2000 serikali ya Bill Clinton ilipoacha kufanya hivyo. Kabla ya hapo kosa liliweza kufika mita 100. Kwa mchezaji wa gofu hiyo ni tofauti kati ya kuwa kwenye grini na kuwa kwenye maegesho ya magari.

Leo simu ya kawaida kwenye uwanja ulio wazi hukosea kwa mita 5 hivi. Saa zinazosikiliza pia setilaiti za Urusi, Ulaya na China zinaweza kufanya vizuri zaidi. Ukiingia chini ya miti mirefu, ishara hugonga matawi na mashina kabla ya kukufikia, na kosa huongezeka. Nairobi haina uhaba wa miti. Uwanja wa gofu wa Muthaiga uko karibu na msitu wa Karura.

Lakini jambo kubwa zaidi, ambalo nililielewa kwenye raundi ya pili tu, ni kwamba saa haijui mpira uko wapi. Inajua mkono wangu uko wapi. Ndani yake mna kihisi kinachotambua mwendo wa mkono na kishindo cha fimbo kugonga mpira. Inapokihisi kishindo hicho, inaweka alama kwenye ramani. Nikitembea na kupiga tena mahali pengine, inaweka alama ya pili, kisha inapima umbali kati ya alama hizo na kutangaza kwamba nimepiga yadi 163.

*Saa haijui mpira uko wapi. Inajua mkono uko wapi.*

Kwa hiyo mpira uliopotelea majini na mwingine ukaangushwa mahali papya, pamoja na mkwaju wa adhabu, ni hadithi ambayo mashine haiwezi kuisoma yenyewe. Lazima uisimulie.

Mkwaju usio na kishindo

Sasa tuje kwenye puti, maana hapo ndipo ugomvi wangu na kedi ulipozaliwa.

Shimo la gofu lina kipenyo cha milimita 108, kipimo kilichowekwa rasmi mwaka 1891. Mpira wenyewe hauruhusiwi kupungua milimita 42.67. Puti nyingi hupigwa ukiwa hatua chache tu kutoka hapo. Mtu mwenye kifaa kinachoweza kukosea kwa mita 5 anataka kupima puti ya mita 2. Ni kama kupima chumvi ya mchuzi kwa mizani ya kupimia magunia ya mahindi.

Kosa la pili ni la kishindo. Mkono wa mtu anayepiga puti huyumba polepole, karibu sawa na mkono wa mtu anayetembea au anayemwaga chai. Watengenezaji wanalijua hili na hawalifichi. Maelekezo ya saa za Garmin za jamii ya Approach husema waziwazi kwamba utambuzi wa mikwaju wa saa hufanya kazi vizuri zaidi ukiivaa kwenye mkono unaoongoza, yaani wa kushoto kwa mtu anayepiga kwa kulia, na ukigonga mpira sawasawa. Kisha yanasema kwamba puti hazitambuliwi.

Sentensi hiyo inayodai mpira ugongwe sawasawa inastahili kutazamwa tena. Maana yake ni kwamba saa inamwona vizuri mchezaji mzuri. Mkwaju wangu wa kuchokoa chini ya miti ulikuwa mfupi na wa aibu, na mashine iliuhesabu kuwa si kitu.

Makampuni yamejaribu kuziba pengo hilo kwa vihisi vidogo vinavyoskurubiwa kwenye kitako cha kila fimbo, hadi fimbo zote 14 zinazoruhusiwa na kanuni. Arccos ya Marekani inavyo, Garmin inavyo, na Shot Scope ya Edinburgh, Uskoti, ina vyake. Kihisi kikiwa kwenye fimbo ya puti, mfumo hujua angalau kwamba umeishika fimbo hiyo, na idadi ya puti hukisiwa vizuri zaidi. Bado kuna puti ya kufuta, ile fupi unayoisukuma kwa mkono mmoja ukiwa na hasira. Bado kuna puti ya majaribio kabla ya ile halisi. Mwishoni mwa kila shimo, karibu kila mfumo hurudi kwa mchezaji na kumwomba athibitishe.

Kwa maneno mengine, kwenye grini saa hugeuka kuwa daftari, na daftari huandika kile unachokiandika wewe.

Hesabu iliyoupinga msemo

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tujisumbue na hesabu hizi. Jibu lina jina: Mark Broadie, profesa wa shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York.

Wachezaji walikuwa na msemo wa miaka mingi kwamba mkwaju mrefu ni wa kujionyesha na puti ndiyo inayoleta fedha. Broadie alichukua takwimu za ShotLink, mfumo ambao ziara ya PGA ya Marekani, ile ya mashindano ya wachezaji wa kulipwa, iliuanzisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili kurekodi mahali ambapo kila mkwaju wa mashindano yake umepigwa na ulipotua. Hakuuliza puti ngapi. Aliuliza: kutoka umbali huu, mchezaji wa kulipwa kwa kawaida huhitaji mikwaju mingapi kumaliza shimo, na huyu ametumia mingapi?

Tofauti hiyo ndiyo faida au hasara ya kila mkwaju. Kwa wachezaji wa ziara hiyo, puti ya futi 8 huingia takriban nusu ya mara zote. Kutoka futi 33 wastani wao ni puti mbili kamili. Ukiingiza moja kwa moja kutoka huko, umepata faida ya mkwaju mmoja. Ukitumia tatu, umepoteza mmoja. Ziara ya PGA ilianza kutumia kipimo hiki kwa puti mwaka 2011, na Broadie akakieleza kwa upana katika kitabu chake *Every Shot Counts* mwaka 2014.

Alichokikuta kiliwaudhi wengi. Kwa wachezaji bora wa ziara hiyo, puti ilichangia asilimia 15 tu ya ubora wao dhidi ya wenzao. Mikwaju ya kuikaribia grini ndiyo ilibeba mzigo mkubwa, asilimia 40.

*Puti mbili kutoka futi 33 ni kazi ya kawaida kwa bingwa. Puti mbili kutoka futi 3 ni hasara kwa mtu yeyote.*

Hapa ndipo hesabu tupu ya puti inapodanganya. Mtu aliyepiga puti 30 kwa raundi anaweza kuwa hodari wa puti, au anaweza kuwa ameshindwa kufika kwenye grini kwa mkwaju wa kawaida, akausogeza mpira kwa mkwaju mfupi hadi karibu na bendera, halafu akapiga puti moja. Saa isiyojua urefu wa puti itamsifu wa pili sawa na wa kwanza. Mimi mwenyewe raundi yangu yenye puti chache zaidi ndiyo niliyocheza vibaya zaidi.

Kwa hiyo simkatai anayesema saa imemsaidia. Mchezaji anayejaza hesabu zake kwa uaminifu kwa raundi 20 atajifunza kitu ambacho kumbukumbu yake ilikuwa inamficha. Kwangu ilichukua raundi nne tu kuonyesha kwamba fimbo ya chuma namba 7, ambayo nimekuwa nikijisifu kwamba inafika yadi 160, kwa kawaida huishia 145. Nilidhani saa ina hitilafu. Kedi alicheka hadi akaweka mfuko chini.

Mtu aruhusiwe, mashine ikatazwe

Kanuni za gofu zilichukua muda kuvikubali vifaa hivi. Mwaka 2006 kamati za mashindano zilipewa uwezo wa kuviruhusu kwa kanuni ya uwanja. Mwaka 2019, kanuni zilipoandikwa upya, mambo yaligeuzwa: vifaa vya kupima umbali vinaruhusiwa, isipokuwa kamati iseme hapana. Mei 2021 viliruhusiwa kwenye ubingwa wa PGA pale Kiawah Island, Carolina Kusini.

Lakini Kanuni ya 4.3 ina mipaka. Kifaa kinaweza kukwambia umbali. Hakiruhusiwi kukupimia mwinuko wa ardhi wala upepo, na hakiruhusiwi kukushauri uchukue fimbo gani kutoka mahali mpira ulipo. Ukivunja hilo mara ya kwanza kwenye mchezo wa kuhesabu mikwaju, unaongezewa mikwaju miwili. Ukirudia, unaondolewa. Ndiyo maana saa nyingi za bei kubwa zina hali maalumu ya mashindano inayozima huduma hizo.

Sasa mtazame kedi. Kanuni hizo hizo zinamruhusu kusema: mlima huo, ongeza fimbo moja. Zinamruhusu kurusha majani hewani, kutazama yanakokwenda, kisha kukukabidhi namba 6 bila kuulizwa. Kile ambacho mashine ikikisema unaadhibiwa, mtu akikisema ni kazi yake.

Kwa jicho la makedi, na hili nililisikia kwa zaidi ya mmoja tukiwa tumeketi kwenye kibanda chao tukisubiri zamu, hapo ndipo riziki yao ilipo. Umbali umeshachukuliwa. Zamani mgeni alimtegemea kedi kwa kila yadi; leo mgeni hutazama mkono. Wapo wachezaji wanaokodi kigari cha kukokota, wakaja na saa yao, wakajiona wamekamilika. Kwa kijana anayelipwa kwa raundi, asiyejua kama kesho atapata mfuko wa kubeba, hilo si jambo la nadharia.

Wachezaji nao wana hoja. Si kila kedi ni mzoefu, na siku ya Jumamosi yenye mashindano ya kampuni unaweza kupewa kijana ambaye ndiyo kwanza ameanza wiki hiyo. Saa haichoki wala haibahatishi umbali kwa sababu ya haya.

Kuna pia suala la heshima ya kadi. Chini ya mfumo wa dunia wa handikapu ulioanza mwaka 2020, kiwango chako hutokana na matokeo 8 bora kati ya 20 ya karibuni. Kila mchezaji katika ukanda huu anamjua mtu ambaye kadi zake za siku za kawaida ni mbaya ajabu, halafu siku ya zawadi anacheza kama malaika. Nilitarajia saa ingemuumbua mtu wa aina hiyo. Haiwezi. Katika programu yake ya simu unafuta mkwaju, unaongeza mkwaju, unabadilisha idadi ya puti, na hakuna anayekuuliza. Shahidi anayetambuliwa na kanuni ni binadamu mwenzako anayeiandika na kuisaini kadi yako.

Hewa ya Nairobi, nyasi za Kikuyu

Kuna mambo mawili ya kwetu ambayo kidude kilichotengenezwa mbali hukosea kuyapima, au hakiyapimi kabisa.

La kwanza ni mwinuko. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi huufanya mpira uende mbali zaidi, kwa makadirio ya kawaida asilimia 6 hivi. Mchezaji wa Nyali ambaye saa yake imejifunza kwamba namba 7 ni yadi 150 akija Muthaiga atapiga karibu 159 na kuvuka grini. Akirudi Mombasa na hesabu za Nairobi, atapungukiwa. Wastani uliochanganya viwanja hivyo viwili ni wastani usiomfaa popote.

La pili ni nyasi. Nyasi za Kikuyu asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na zimesambaa hadi viwanja vya Afrika Kusini, Australia na California. Ni nene na zina ukaidi. Mpira mara nyingi hukaa juu yake vizuri, lakini kwenye mkwaju mfupi kandokando ya grini nyasi hushika uso wa fimbo kama mtoto anayeng'ang'ania kanga ya mama yake. Ramani ya saa itakwambia zimebaki yadi 12. Haikwambii kwamba hapo haupigwi mkwaju wa yadi 12.

Kedi wangu alikuwa hatazami umbali hata kidogo tukifika hapo. Alikuwa anachuchumaa, anapapasa nyasi kwa kiganja, kisha ananyoosha kidole mahali pa kuangusha mpira. Kwenye puti alitazama kule maji ya mvua yanakoelekea. Mara mbili nilimpuuza nikafuata jicho langu, na mara mbili zote mpira ulikata upande aliousema.

Raundi ya nne

Jumamosi ya mwisho mzee hakuwepo. Alikuwa amechukuliwa na mgeni wa mashindano. Nikapewa kijana mchangamfu mwenye simu kubwa na programu ya bure ya GPS. Nilifurahi. Ningekuwa na saa, yeye na simu, na tungelinganisha.

Kwenye shimo la 11 simu yake ilisema yadi 142 hadi katikati ya grini, saa yangu 147. Tulibishana kidogo kwa adabu. Alifuta kioo cha simu kwa shati, akaielekeza angani. Mimi nilisogea hatua tatu kutoka kwenye mti. Simu ikasema 144, saa ikabaki 147. Tukakubaliana kuiamini saa, nikapiga, na mpira ukaruka vizuri sana, ukapita juu ya bendera na kuzama kwenye bunka ya nyuma.

Nikauchimbua kwa mikwaju miwili, au labda mitatu. Nikapiga puti, nyingine, na nyingine. Saa ikatetema na kuniuliza puti ngapi.

"Tumepiga ngapi hapa?" nikamuuliza kijana.

Alitazama simu yake. Nami nilitazama saa. Hakuna kati yetu aliyekuwa amehamisha tii mfukoni, na kundi la nyuma lilikuwa limeshafika likitungoja tuondoke kwenye grini.